Mlango wa Tano wa Moyo

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita, na sababu iliyoandikwa kwenye barua ni moyo. Mlango wake wa tatu haufungi vizuri, kwa hiyo kila pigo damu kidogo inarudi ilikotoka. Daktari aliyenipima alinieleza jambo hilo taratibu sana, akichora kwenye karatasi, nami nikamwacha achore ingawa mchoro wake ulikuwa na makosa mawili. Kazi yangu kwa miaka saba ya mwisho ilikuwa kuwafundisha watu mchoro huohuo.

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hata mimi sikuona tofauti. Nitaandika jinsi darasa zima lilivyokaribia kufungwa kwa ajili ya mlango ambao haupo, na kwamba aliyeuweka huo mlango ni mimi, nikisaidiwa na bwana afya.

Nilifika Morogoro mwishoni mwa miaka ya arobaini, nikitokea chuoni Uganda, nikiwa na suruali mbili, vitabu vinne na mazoea mabaya ya kumwuliza kila mtu, "Umejuaje?" Nyumbani kwetu Mlali baba alikuwa ameshaniomba nisimwulize shehe swali hilo mbele za watu. Hospitalini sikuwa nimekatazwa na mtu, hivyo nikaanza siku ya kwanza.

Niliyeanza naye ni Mzee Rajabu, mkuu wa wodi ya wanaume. Alikuwa akifunga vidonda tangu kabla sijazaliwa. Saa ya wodi ilikuwa imesimama, na yeye alihesabu mapigo ya moyo kwa kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa huku mkono wake mwingine ukitembeza tasbihi. Nikatoa saa yangu ya mfukoni nikahakiki. Alikuwa amepishana nayo kwa mapigo mawili.

"Umejuaje, mzee?" nikamwuliza.

"Nimeshika mikono mingi."

"Lakini hujawahi kuuona moyo ulivyo ndani."

"Sijawahi," akasema. "Wala redio sijawahi kuiona ndani. Taarifa ya habari naipata."

Kisha akanipa chombo cha kusikilizia kifua, mpira wake umezungushiwa plasta sehemu tatu, akaniambia nimsikilize mgonjwa wa kitanda cha nne. Nilisikiliza kwa makini nikatoa maelezo marefu yenye maneno ya Kilatini. Mzee Rajabu aliyapokea yote kwa heshima, halafu akanionyesha kwamba nilikuwa sijavaa zile ncha za masikioni. Nilikuwa nimezitundika shingoni. Chombo hicho ndicho nilichokitumia miaka yote tisa niliyokaa hapo.

Mwaka wa tatu nikapewa darasa. Lilikuwa la watu watano waliokuwa wakifundishwa kuwa madresa, yaani wale ambao leo mnawapeleka peke yao kwenye zahanati za milimani, wakiwa na sanduku moja la dawa na jukumu la kila kitu. Nitamtaja mmoja tu, kwa sababu mambo yote yalimwangukia yeye. Aliitwa Anselmi, mtu wa Matombo, aliyenizidi umri, mwenye mke na watoto wanne. Kijijini kwao kulikuwa na zahanati iliyojengwa ikapakwa chokaa ikafungwa kufuli, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuikalia. Mtoto wake wa tano alifia njiani wakimleta mjini. Baada ya hapo alishuka mlima kuja kusoma.

Lakini kwao Uluguru mtu hajiamulii tu. Ukoo unafuata upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba wake, Mzee Gaspari, alikuwa ndiye mndewa, mkuu wa ukoo, mwenye kugawa mashamba. Alimpa Anselmi ruhusa ya kusoma mara moja tu. Akishinda, atapewa ufunguo wa zahanati. Akishindwa, atarudi kuchimba matuta ambayo serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kuyachimba kwenye miteremko, na hatakaa tena kuzungumzia dawa.

"Nikishindwa, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "lile kufuli litaota kutu mimi nikilitazama."

Nikamwambia hatashindwa, kwa kuwa nilikuwa na mbinu mpya. Naomba kila atakayesoma maandishi haya aogope sentensi hiyo popote atakapoisikia.

Mbinu yangu ilikuwa hii. Chuoni nilichoshwa na waalimu waliosoma kitabu kwa sauti. Mimi nilifungia kitabu kabatini, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna kuamini neno la mtu, langu likiwemo. Waamini macho yao. Na kwa kuwa macho nayo hudanganya, niliwapa kanuni: kitu ukikiona mara moja, kitilie shaka, mara mbili, kiandike kwa penseli, mara tatu, kiandike kwa wino. Niliipenda sana kanuni hii. Niliiandika juu ubaoni, na aliyefuta ubao alikatazwa kuigusa.

Kila wiki nilikwenda machinjioni nikachukua moyo mmoja wa ng'ombe. Huko mtawala alikuwa Bwana Sefu, bwana afya, Mnyamwezi mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata saa ya kuchinja. Sheria ilimtaka aukague kila moyo kabla haujatoka, kuona kama una punje za tegu ndani ya nyama. Alifungua chumba cha kushoto kwa upande, kisha akapitisha ncha ya kisu katika ukuta wa kati, mkato mmoja mwembamba wa urefu wa kidole. Alikuwa fundi. Mkato wake haukuwahi kupanda wala kushuka.

"Kisu changu hakipotei njia," aliwahi kuniambia. "Hata ukinifumba macho."

Nikafundisha kwa mioyo minne, wiki nne. Wanafunzi walishika, wakapima kwa vidole, wakachora. Waliona vyumba vinne, viwili juu vyenye kuta nyembamba kama sikio, viwili chini vyenye nyama. Waliona kwamba ukuta wa chini kushoto ni mnene mara tatu kuliko wa kulia, na wakajijibu wenyewe: wa kulia unapeleka damu mapafuni, ambayo ni jirani, wa kushoto unaipeleka mpaka kwenye kidole cha mguu. Waliona milango, kila mmoja unaruhusu damu kwenda na kuikatalia kurudi. Tuliihesabu kwa kuifuata damu: wa kwanza na wa pili upande wa kulia, wa tatu na wa nne upande wa kushoto. Walivuta kwa kucha zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia mlango wa tatu usipinduke kama mwavuli kwenye upepo. Mimi nilisimama dirishani, mikono nyuma, nikijisikia vizuri.

Halafu akaja daktari mkaguzi kutoka Dar es Salaam, Mwingereza mwembamba aliyejua Kiswahili cha kutosha kumkosoa mtu. Aliwapa mtihani Jumanne asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana akaniita.

"Moyo una milango mingapi?" akaniuliza.

"Minne, Daktari."

"Wanafunzi wako wanasema mitano."

"Yupi kati yao?"

"Wote."

Akaitandaza mezani michoro mitano waliyochora kwenye mtihani. Ilikuwa michoro mizuri, sijaona mizuri zaidi tangu hapo. Na katika kila mmoja, kwenye ukuta wa kati, chini kidogo, palichorwa ufa wa urefu wa kidole, kwa wino. Mmoja alikuwa ameandika, "Mlango wa tano. Kazi yake ni ya dharura." Mwingine: "Kazi yake haijajulikana, wataalamu wachunguze." Anselmi aliandika zaidi ya wote: "Mlango huu hufunguka mtu anapopanda mlima, ili pande mbili za moyo zisaidiane. Watu wa mjini wanao, lakini kwa kutotumiwa umekaza, ndiyo maana wanahema."

Sitaficha kwamba kwa dakika nzima nilijaribu kuona kama inawezekana.

Nikamwita Anselmi. Daktari akawa anatazama nje, kama mtu aliyekuta wenyeji wanagombana.

"Mlango huu umeutoa wapi?"

"Ndani ya moyo, Mwalimu."

"Moyo upi?"

"Wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilikuonyesha kwa kijiti nikasema, Mwalimu, na hiki je? Ukasema, wewe unaona nini? Nikasema naona mlango. Ukasema, basi andika unachokiona, usiandike unachotaka kuambiwa."

Nilikumbuka. Nilikuwa dirishani, sikugeuka. Jibu lile nilitembea nalo wiki nzima nikijisifu kimoyomoyo.

Nikamweleza Daktari habari za Bwana Sefu na kisu chake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unaniambia wamechora kisu."

"Wamekichora kwa usahihi, Daktari."

"Treni yangu ni Ijumaa," akasema. "Alhamisi mchana nitawapima tena, mbele ya moyo mzima usiokatwa. Huyu mwenye mlima atajibu kwa niaba ya wenzake, kwa kuwa ndiye aliyekosea kwa bidii zaidi. Akishindwa nafunga darasa."

Anselmi alikunja mchoro wake mara nne, mara nane, mpaka ukakataa kukunjika.

Nilikwenda moja kwa moja machinjioni.

"Bwana Sefu, naomba moyo mmoja ambao hujaukata."

"Moyo ambao sijaukata," akasema, akifuta kisu, "bado ni wa ng'ombe."

Nikamweleza shida. Alisikitika kwa dhati, na akafurahi pia kwa dhati kusikia kwamba mkato wake ulikuwa umefanana mara nne hadi watu wakaufanya kiungo cha mwili. Aliomba aonyeshwe ile michoro. Lakini sheria haikuwa na nafasi. Ndani ya mpaka wa mji, hakuna moyo unaotembea mzima isipokuwa umo kifuani.

Nikakumbuka Mlali, ambako bwana afya hafiki. Nikamtumia shangazi yangu ujumbe kwamba nataka moyo wa mbuzi, haraka, na ni wa kazi ya hospitali. Jumatano asubuhi ukaletwa ndani ya bakuli lililofunikwa kawa. Ulikuwa umepasuliwa vipande viwili, umeoshwa ukaoshwa tena, umekamuliwa ndimu na kutiwa chumvi. Aliyeuleta akaniambia, "Shangazi anakusalimu. Anasema hawezi kumpelekea msomi moyo wenye mabonge ya damu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nchi nzima inapasua mioyo. Mchinjaji anapasua, bwana afya anapasua, mpishi anapasua kabla maji hayajachemka. Nilikuwa nikifundisha umbile la kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukiona kizima.

"Kwetu haupasuliwi," akasema Anselmi.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za wodi, lile bakuli likiwa katikati yetu.

"Kwetu kwa nani?"

"Kwenye ukoo wetu. Mbuzi akichinjwa, moyo anapelekewa mjomba mzima, na mishipa yake. Hakuna kisu kinachougusa mpaka yeye aushike. Anautazama, halafu anakata mwenyewe. Ukimpelekea uliokatwa, maana yake umemwambia amekwisha kufa."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana ningesemaje? Ni mjomba huyohuyo. Nimwombe moyo wake ili asinirudishe shambani?" Akalifunika tena lile bakuli. "Na kuna mbuzi mmoja tu. Wa ubatizo wa mjukuu wake, Jumapili."

Mchana huo akapanda lori lililokuwa likirudi Matombo kufuata ndizi. Nilimtazama akikaa juu ya magunia matupu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na swali.

Alhamisi kabla ya saa sita lori likateremka, ndizi mpaka juu. Anselmi alishuka wa kwanza. Wa pili alishushwa kwa heshima kutoka mbele kwa dereva: mzee mfupi, koti jeusi la kanisani, rozari shingoni, na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani, bado vuguvugu nadhani kwa jinsi alivyokikumbatia, mlikuwa na moyo wa mbuzi.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewaambia kwamba moyo una milango mitano?"

"Sikuwaambia, mjomba."

"Ndivyo nilivyosikia," akasema Mzee Gaspari. "Kwamba hukuwaambia."

Nikanyoosha mkono nimpokee kikapu. Akakihamishia upande wa pili. Moyo wake, alisema, hauendi mjini bila yeye. Mbuzi ameshachinjwa, ubatizo utabaki Jumapili na watu watakula maharage, lakini moyo ni wa mjomba na mjomba ni yeye. Ataukopesha kwa macho tu.

Langoni mwa hospitali alikuwa amesimama Bwana Sefu, koti limenyooka, kisu mkononi. Mtu alimwambia kwamba kuna nyama inaingia mjini kutoka mlimani bila kukaguliwa. Mtu huyo ni mimi, nilipokwenda kumwambia kwamba shida yangu imekwisha.

"Mzee, hicho kikapu," akasema. "Mkato mmoja tu, hautausikia."

"Wewe kabila gani?" Mzee Gaspari akamwuliza.

"Mnyamwezi."

Mzee alicheka mpaka rozari ikatikisika. Ninyi mnajua Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mnajua mtani ndiye anayekuzika. "Basi sikiliza, mtani. Ukiugusa huu moyo kabla sijaukata, mimi nalala hapahapa langoni kwako na kufa. Utaniosha wewe, utanichimbia wewe, na utanibeba wewe mpaka Matombo, njia yote ile, na mimi si mwepesi kama unavyoniona."

Bwana Sefu aliitazama njia ya Matombo kwa mbali. Alikuwa mtu wa sheria, lakini mzigo wa mtani nao ni sheria.

"Mluguru akifa langoni kwangu, mbu wote wa mji watafiwa," akasema. "Haya. Lakini naingia nanyi. Mkimaliza nakata. Hautoki humo bila alama yangu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba katika chumba cha mtihani tulikuwa Daktari nyuma ya meza, wanafunzi wanne ukutani, Anselmi mbele, mjomba wake kitini na moyo mapajani, na bwana afya mlangoni, kisu tayari. Daktari alitutazama mmoja mmoja. Nadhani aliifikiria treni.

"Anza," akasema. "Fungua moyo, nionyeshe."

"Siwezi, Daktari," akasema Anselmi. "Si wangu."

"Ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Mzee Gaspari. "Aseme yeye, nitakata mimi. Lakini sikati bila sababu."

Tangu hapo Daktari hakuuliza swali hata moja. Hakupata nafasi.

Anselmi aliomba kwanza maji. Alishika ule mshipa mkuu unaotoka juu ya moyo, akausimamisha kama shingo ya kibuyu, akamwaga maji ndani yake. Maji yakasimama, yakajaa hadi ukingoni.

"Kwa nini hayashuki?" mjomba akauliza.

"Mlango wa nne umeyazuia. Damu ikishatoka hapa, hairuhusiwi kurudi."

Mzee Gaspari akainama. Akasubiri. Alikuwa mtu aliyezoea kutazama maji mferejini. "Yanashuka," akasema. "Taratibu, lakini yanashuka. Mlango wako unavuja."

Nilitazama: ni kweli, yalikuwa yameshuka upana wa ukucha. Mimi sikuwahi kufanya jaribio hilo, kwa kuwa mioyo yangu yote ilifika imetobolewa. Nilijua jibu kutoka kitabuni, kile nilichokifungia kabatini, na sikuwa nimemfundisha.

Anselmi akajaza tena maji. Yakashuka tena. Akajaza mara ya tatu. Kisha akachukua unyasi kutoka kwenye kikapu, akauingiza ndani ya ule mshipa, akapapasa juu kidogo ya mlango, na unyasi ukazama mahali ambapo sikumwonyesha. Kwa kidole alifuata ncha yake ikitambaa chini ya mafuta, kwenye mfereji unaozunguka moyo kama mkanda.

"Hauvuji, mjomba," akasema polepole. "Unakunywa."

"Nani anakunywa?"

"Moyo wenyewe. Kuna vijishimo viwili hapa, pale mshipa mkuu unapoanzia. Kimoja kinakwenda kulia, kimoja kushoto, vinagawanyika mpaka kwenye ncha."

"Muongo. Umejaa damu tele ndani, unakwenda kuomba nje?"

"Ile ya ndani inapita tu, mjomba. Nyama ni nene, haiwezi kuifyonza. Ni kama sisi. Mto unapita bondeni kwetu, unateremka unakuja kunywewa na watu wa mjini, na maharage yetu ya kwenye mteremko yanakauka huku tunausikia mto. Mpaka tuchepushe kamfereji."

"Na kamfereji kakiziba?"

"Shamba la upande ule linakufa. Hata kama mto umejaa."

Mzee Gaspari akaunyanyua ule moyo mpaka machoni akautazama muda mrefu, na sura yake ikawa ya mtu aliyekutana ugenini na jirani anayemfahamu. "Hao waliokuja na amri ya matuta," akasema hatimaye, "hawajui hata hili."

Daktari alikohoa akaandika kitu.

Baada ya hapo mzee alikata pale alipoambiwa, akidai sababu kwa kila mkato, na kila sababu ilitolewa. Vyumba, nyuzi, ukuta mnene na mwembamba. Mwisho Anselmi alimwomba afungue chumba cha kushoto na asiguse ukuta wa kati. Akamimina maji upande mmoja, akageuza upande wa pili. Mkavu. Akapitisha kidole. Mzima.

"Hapa niliandika kuna mlango," akamwambia Daktari. "Haupo. Niliuona mara nne, lakini haupo."

"Mmemaliza?" akauliza Bwana Sefu kutoka mlangoni.

Mjomba akamkabidhi moyo kwa mikono miwili. Bwana Sefu akauweka mezani, akakunja mkono wa koti mara moja, na bila hata kuinama akapitisha ncha ya kisu katika ukuta wa kati. Mkato mmoja, mwembamba, urefu wa kidole. Akapanua, akatazama kama kuna punje, akatikisa kichwa kwamba hakuna.

Wanafunzi wanne walijitenga na ukuta wakasogea mezani. Waliutazama ule ufa kama mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi safari.

"Ndio wenyewe," mmoja akanong'ona.

Daktari alifunika uso kwa daftari, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alipolishusha alisema Anselmi amefaulu, na kwamba wengine amewapitisha kwa kuwa wameona mlango ukizaliwa, jambo ambalo yeye katika masomo yake yote hakuwahi kuliona. Mimi aliniagiza nitoe kitabu kabatini. Moyo ulichomwa nyuma ya jiko la hospitali. Mzee Gaspari aligawa mwenyewe, na Daktari akapewa ncha, ambayo aliila yote akiwa amesimama.

Anselmi alipewa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu kiasi kwamba ilibidi livunjwe.

Niliendelea kufundisha, kitabu kikiwa mezani wazi na moyo ukiwa pembeni, na kwenye kila ufa nilisema, "Hiki ni kisu." Ile kanuni ya mara tatu niliifuta, na mwenye kufuta ubao akaniuliza kama naumwa. Kumbe hakukosea, kwa sababu miaka michache baadaye nikaanza kuhema kwenye ngazi.

Mwezi uliopita, nikiwa na barua yangu ya kustaafu mfukoni, nilipanda lori la ndizi kwenda Matombo. Sikuwa na hakika na yule daktari wa mchoro wenye makosa mawili. Zahanati ilikuwa imepakwa chokaa upya, na foleni ilifika barabarani. Anselmi alinikalisha zamu yangu ilipofika, si kabla. Akavaa chombo chake, ncha masikioni, akasikiliza kifua changu, akasikiliza tena, na tena.

"Ni wa tatu, Mwalimu," akasema. "Hawakukudanganya."

"Umejuaje?"

"Nimeshika mikono mingi," akasema, maneno ya Mzee Rajabu ambaye na yeye alimfundisha. Akaniambia nisibebe vitu vizito, nisipande mlima kwa miguu, na nirudi kila mwezi anisikilize.

Nilifunga vifungo vya shati. Sikutaka kuondoka bado.

"Na ule wa tano?" nikamwuliza.

Hakucheka. Alinifungua shati tena, akasogeza chombo chini kidogo, kushoto, mahali penyewe, akafumba macho akasikiliza kwa muda uleule aliousikiliza ule wa tatu, na watu wa foleni wakasubiri.

"Huo," akasema, "unafunga barabara."